Siku Umefungwa Tano Ndiyo Siku ya Kuangalia Mpango Wako



Leo sileti mbinu ya kupiga picha wala ya kupata oda nyingi. Naleta stori ya mpira. Kama wewe si mtu wa mpira usiondoke, maana ukifika mwisho utaona ni stori ya mtaji. Mtaji wenyewe ulikuwa wangu, na ulikaribia kukata.

Kwa wageni wa ukurasa: mimi nina duka dogo hapa Igalula, Tabora, upande wa stesheni. Nauza dukani na nauza pia kwa WhatsApp na Facebook. Jezi, kava za simu, chaja, na asali nawatumia watu wa Dar na Mwanza. Niliishia kidato cha nne, biashara nimejifunzia humu humu kwa kuanguka na kuinuka.

Mbele ya duka langu kuna mwembe. Chini ya mwembe kuna kijiwe. Wapo watatu ambao hawakosi: fundi baiskeli, Yanga damu damu, kaka mmoja wa bodaboda, Simba mpaka kifo, na babu mstaafu wa reli ambaye hajawahi kututajia timu yake. Ubishi wao nausikia kuanzia asubuhi mpaka nafunga.

Sasa twende.

Novemba 2023. Derby ya Simba na Yanga ilipangwa tarehe 5. Mimi nikapiga hesabu zangu. Agosti ile Simba ilikuwa imeichapa Yanga kwa penalti kwenye Ngao ya Jamii kule Tanga, na kwenye ligi ilikuwa haijapoteza. Nikajisemea hapa hela ipo nje nje. Nikachukua mkopo wa kikoba 400,000, nikaongeza 220,000 zangu, nikaagiza jezi 24 za Simba. Kila moja 25,000, jumla 600,000, na usafiri 20,000. Bei ya kuuza 35,000.

Kabla ya mechi niliuza 9. Nilikuwa nacheka peke yangu.

Jumapili ikafika. Yanga 5, Simba 1.

Jumatatu dukani kwangu palikuwa kama msibani. Wa Simba hawapiti, wa Yanga wanapita kuninyooshea vidole vitano. Siku chache baadaye hata kocha wa Simba, Robertinho, akaondoka. Nikaona basi, Simba imekufa, na jezi zangu 15 zimekufa nazo. Nikaandika kwenye status: "BEI YA KUTUPA, 18,000 TU."

Mnajua nani alikuja? Yule kaka wa bodaboda. Hakuongea sana siku hiyo. Akachukua jezi 10 kwa mpigo, akalipa 180,000, akaondoka. Zile 5 zikaenda kwa watu wengine. Nikabaki na 585,000 mkononi, wakati nilikuwa nimetoa 620,000.

Ningeishia hapo ingekuwa hasara ndogo. Lakini mimi sikuishia hapo. Kila mtu anataka Yanga, na mimi nataka Yanga. Nikaagiza jezi 18 za Yanga. Bei ya jumla ilikuwa imeshapanda mpaka 30,000, maana wauzaji wote tulikimbilia mlango mmoja. 540,000 ikaenda, na usafiri 20,000. Mzigo ukachukua karibu wiki mbili kufika. Ulipofika, moto ulikuwa umepoa. Mpaka mwaka unaisha niliuza 6 tu kwa 38,000.

Januari kikoba kinataka 440,000 na riba yake. Mimi nina 253,000. Pungufu 187,000.

Mama ndiye aliniokoa. Aliuza magunia mawili ya mpunga ambayo tulikuwa tumeweka ya kula. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwaka huu tutakula ugali." Afadhali angenigombeza.

Naomba mkae na hiyo 187,000 kichwani, tutairudia.

Sasa turuke mwaka mmoja mbele. Novemba 7, 2024, Yanga inacheza na Tabora United yetu pale Chamazi, Dar. Matokeo: Tabora 3, Yanga 1. Jamani, mkoa huu hatukulala! Na mkumbuke timu hii ilikotoka. Agosti 2023, mechi yake ya kwanza kabisa Ligi Kuu, uwanja huo huo wa Chamazi dhidi ya Azam, iliingia na wachezaji 8 tu kwa sababu ya matatizo ya usajili. Ilifungwa 4 na mechi haikufika hata nusu saa, wachezaji waliobaki hawakutosha kuendelea. Siku hizi inaitwa TRA United, lakini sisi bado ni Tabora yetu.

Asubuhi yake kijiweni, kaka wa bodaboda alifika mapema kuliko siku zote.

"Fundi, kwisha habari yenu! Makombe matatu mfululizo mmeyala, sasa mpango umeisha. Azam kawafunga, Tabora kawafunga. Nyie mlikuwa na hela tu, hamkuwa na mpango."

Fundi hakuacha kuziba pancha. "Na nyie wa Msimbazi mlikuwa na nini? Mlikaa misimu mitano bila ubingwa mpaka mlipopata tajiri."

"Ndiyo mpango wenyewe huo! Desemba 2017 wanachama tulikaa tukakubali kubadilisha mfumo. Asilimia 51 za wanachama, 49 za mwekezaji, Mo akaweka mezani bilioni 20. Baada ya hapo tukachukua ligi mara nne mfululizo, 2018 mpaka 2021. Robo fainali ya Afrika 2019 tuliingia. Hiyo ni bahati?"

"Desemba mnapiga kura, Mei mnabeba kombe," fundi akacheka. "Mpango gani wa muda mrefu unazaa kwa miezi mitano? Pale mlikuwa na wachezaji wazuri, basi. Sisi ndiyo tulijenga. Misimu minne tulikaa bila ubingwa, tukawa tunajipanga. 2022 tukaanza kubeba, 2023 tukafika fainali ya Shirikisho. Nabi akaondoka, akaja Gamondi, tukabeba tena. Kocha anaondoka, timu inabaki. Huo ndio mpango."

Mimi nikachomekea kutoka dirishani, "Lakini Azam je? Wana hela, wana uwanja wao, wana vijana wanaowakuza wenyewe. Ubingwa wa ligi wameupata mara moja tu, msimu wa 2013/14, tena bila kufungwa hata mechi moja. Mbona mpango wao haujaleta mengine?"

Kijiwe kikanyamaza. Nikajua nimeuliza la maana.

Babu ndiye alijibu. Akasema, "Binti, mpango hauahidi kombe. Anayekuahidi kombe ni mwongo. Azam walipanda Ligi Kuu mwaka gani?"

"2008."

"Wameshashuka?"

"Hawajashuka."

"Mbeya City je?"

Hapo wote tukacheka kidogo, maana tunaikumbuka ile Mbeya City. Msimu wake wa kwanza, huo huo wa 2013/14, ilishika nafasi ya tatu, nchi nzima ikawa inaimba Mbeya. 2023 ikashuka daraja.

Babu akaendelea. Akasema wazee wetu Wanyamwezi walikuwa wanabeba mizigo kutoka Unyanyembe hapa mpaka pwani, kwa miguu, miezi kadhaa njiani. Sisi shuleni tulisoma habari za Burton na Speke, waliotoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh, ndiyo Tabora hii, Novemba. Babu akasema wazungu wale waliandikwa vitabuni, lakini wapagazi walikuwa na kalenda. Wengi walitoka kiangazi, mavuno yakiwa ghalani, na walitaka mvua ziwakute nyumbani walime. Njiani mtu anaweza kuumwa, mzigo ukapotea, njaa ikapiga. Lakini shamba lipo, na mwakani anasafiri tena.

"Mpango ni huo," akasema. "Ukifungwa leo, uwe bado na kitu cha kukurudisha uwanjani kesho. Fundi, Yanga yako ikifukuza kocha kesho, itabaki na nini? Kama ina cha kubaki nacho, itabeba. Kama haina, kaka hapa atacheka mpaka mwakani."

Kama wiki moja baadaye Gamondi kweli akaondoka. Akaja Ramovic, naye Februari akaondoka. Hamdi ndiye akamaliza msimu. Makocha watatu msimu mmoja, na Yanga ikabeba ubingwa wa nne mfululizo. Kaka wa bodaboda mpaka leo anasema ni hela. Fundi anasema ni mpango. Mimi nasema hela ilikuwepo, lakini hata sisi tunawajua watu wenye hela ambao pigo moja linawafunga duka.

Lakini siku ile ya ubishi, jambo lililonichoma ni lingine. Babu alipomaliza, kaka wa bodaboda akanigeukia akacheka. "Kwani dada, zile jezi 10 ulidhani nilinunua nivae zote?"

Kumbe alizifungia kwenye begi. Hakutangaza, hakukimbia popote. Alisubiri soko la tumbaku. Ninyi wa Tabora mnanielewa: wakulima wakilipwa tumbaku, katikati ya mwaka, hela inatembea vijijini. Yeye anazunguka huko kila siku na pikipiki, anajua kijiji gani kina Simba wengi. Akaziuza zote 10 kwa 35,000. Faida yake: 170,000.

Mimi nilipungukiwa 187,000. Mnaona?

Yeye ndiye aliyefungwa tano, si mimi. Aliumia kuliko mimi. Ila alijua kitu ambacho mimi muuzaji sikukijua: mtu wa Simba hahami timu kwa sababu ya mechi moja. Aliyehama ni mimi. Na zile jezi zangu 12 za Yanga zilizolala ziliisha Mei, Yanga ilipotwaa ubingwa. Nazo zilikuwa zinangoja wakati wake, mimi nilikuwa naziita mkosi.

Toka siku ile nimebadilisha mambo matatu, nayaweka hapa:

1. MZIGO WA TUKIO MOJA HAUZIDI JEZI 8. Hata watu wote waseme mechi hii ni ya uhakika. Na sichukui mkopo kwa ajili ya siku moja. Mkopo nachukua kwa mzigo unaotoka kila wiki, kama chaja na kava.

2. NINA KALENDA YA HELA YA WATEJA WANGU. Nimeiandika kwenye daftari: tumbaku inalipwa lini, mpunga unauzwa lini, walimu wanapata mshahara tarehe ngapi, shule zinafunguliwa lini. Mzigo mkubwa unafuata daftari, haufuati kelele za kijiwe.

3. NIKIPATA PIGO, SIGUSI BEI KWA SIKU 7. Natulia kwanza. Najiuliza: mteja amekufa au amenuna tu? Kama amenuna atarudi. Kama bidhaa imepitwa kabisa, hapo ndipo nashusha bei.

Hizi sheria zilijaribiwa mapema. Derby ya Machi 8, 2025 mnaikumbuka? Iliahirishwa siku hiyo hiyo ya mechi, watu wengine wakiwa wameshavaa. Kuna wauzaji wenzetu humu walilia, mzigo umejaa na mechi hakuna. Mimi nilikuwa na jezi 8, nne za kila timu. Nikazikunja, nikaendelea kuuza chaja. Mechi ikaja kuchezwa Juni 25, Yanga ikashinda 2 kwa 0. Na Juni huku kwetu ni nini? Hela ya tumbaku. Ziliisha zote, hata za Simba.

Sikupata utajiri hapo, nisiwadanganye. Faida ya jezi 8 ni 80,000, toa usafiri. Lakini sikuamka usiku, na hakuna gunia la mama lililotoka ndani.

Mavuno yaliyofuata nilimrudishia mama magunia yake mawili. Akayaangalia, akauliza, "Haya ni ya kula au ya Simba?" Nikamwambia ya kula.

Haya, zamu yenu. Andika hapo chini: mzigo gani uliutupa kwa hasara, halafu ukaona mwenzako anauuza kwa bei nzuri? Ulisubiri siku ngapi kabla ya kushusha bei? Tujifunze wote. Na wa Simba na Yanga mkitaka kubishana bishaneni tu, ila mkimaliza kila mtu arudi kwenye daftari lake.