Moshi wa Mariakani: Nani Anamsimamia Anayeupima?

Ukipita Mariakani utacheki viwanda vya chuma na mabati kando ya barabara. Lakini moshi haupimwi kwa macho, msee. Tangu kanuni za ubora wa hewa za 2014, kiwanda lazima kilete namba. Kuna mtu hupanda bomba la moshi na mashine, anavuta sampuli. Kazi ni moto, iko juu, na anayemlipa ni mdosi wa kiwanda. Akiambiwa apike namba, je?

Hapo ndipo chama kinaingia. Uingereza wako na Source Testing Association tangu 1995: inafunza wapimaji, inatoa miongozo ya usalama, inawasemea kwa serikali. Kenya tuko na Environment Institute of Kenya, ya wataalamu wa mazingira kwa jumla. Mpimaji akiwa na wenzake nyuma, kukataa uongo kunakuwa rahisi. Mapafu ni yako, jo.