Fahamu: Kwa nini kilimo cha mwani Zanzibar kinahamia maji ya kina

Maji yakipwa wakati wa bamvua, wanawake wa Paje na Jambiani, Unguja, huingia baharini na magunia yao. Huinama, wakafunga vipande vya mwani kimoja kimoja kwenye kamba iliyonyooshwa kati ya vigingi viwili. Baada ya wiki sita hivi huvuna, huanika, huuza.

Kilimo hiki cha biashara kilianza mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Lakini kotonii, aina yenye bei nzuri, haistahimili joto. Maji ya kina kifupi yakipata moto juani, matawi yake hupauka, hulegea, hukatika. Wengi wamebaki na spinosum, aina nyingine ambayo bei yake ni ndogo mno kwa jasho linalomwagika.

Mwaka 1992 watafiti Robert Chambers na Gordon Conway waliieleza riziki endelevu vijijini kuwa ni ile inayohimili misukosuko na kujiinua tena, na kukiachia fursa kizazi kijacho. Kilimo cha mwani nacho kinaweza kupimwa kwa kipimo hicho. Ili kihimili joto, mtafiti wa mwani Dkt. Flower Msuya na wenzake wamejaribu kukuza kotonii ndani ya nyavu za mfano wa bomba, kwenye maji ya kina yenye ubaridi.

Huko lakini kunahitaji boti na kuogelea, na kina mama wengi hawakufundishwa kuogelea. Kwangu mimi, mafunzo hayo ni muhimu sawa na nyavu zenyewe. Wengine wamebaki nchi kavu: wanasaga mwani, wanapika sabuni na kuiuza wenyewe.