Zuhura: Uzuri wa Mkakasi

Hapana nyota iliyopendwa na Waswahili kuliko Zuhura. Wazazi wamewapa binti zao jina lake, na washairi, kila waliposhindwa kuusifu uso wa mpenzi, wamekimbilia kwake. Wavuvi watokao na ngalawa kabla ya alfajiri huiona ikiwaka upande wa matlai, na miezi mingine huonekana magharibi mara jua litakapotua. Wazee wa kale wakiiita ng'andu. Walimu wa falaki nao waliipa siku ya Ijumaa na mambo ya mahaba, kama walivyoipa Zohali siku ya Jumamosi.

Basi leo, ndugu msomaji, natuitazame Zuhura kwa jicho jingine, jicho la vyombo vya angani ambavyo vimekuwa vikipelekwa huko tangu mwaka 1961. Habari zilizoletwa na vyombo hivyo zamkumbusha mtu msemo wetu wa siku zote: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kwanza tufahamu kuwa Zuhura si nyota hasa bali ni sayari, kama dunia yetu hii. Haina mwanga wake yenyewe. Yang'arishwa na jua. Na kwa ukubwa ni pacha wetu, kwani upana wake ni kilomita 12,104, na wa dunia ni 12,756. Lakini imejifunika gubigubi kwa mawingu, hata darubini kubwa kubwa za zamani hazikuwahi kuuona udongo wake.

Na penye pazia watu hawakosi kukisia yaliyo nyuma yake. Wataalamu waliyaona mawingu wakasema: mawingu ni maji, basi huko kuna mvua na vinamasi na miti. Mmoja wao alikuwa Svante Arrhenius wa Sweden, bingwa aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1903. Katika kitabu chake kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1918, aliieleza Zuhura kuwa ni nchi ya majimaji na mimea tele.

PAZIA LAFUNULIWA

Tarehe 14 Desemba 1962 chombo cha Marekani, Mariner 2, kilipita karibu na Zuhura, umbali wa kama kilomita 35,000. Hakikutua, kilipita tu kama jahazi lipitalo mbele ya bandari bila kutia nanga. Lakini kilikuwa na kifaa cha kupima mawimbi ya redio yatokanayo na joto, nacho kikathibitisha kuwa joto kali lililokuwa likihisiwa kutoka huku duniani tangu 1956 latoka chini, katika ardhi yenyewe, si juu mawinguni. Ndoto ya vinamasi ikaishia hapo.

Warusi wakafuata. Tarehe 18 Oktoba 1967 chombo chao Venera 4 kiliteremka kwa parachuti ndani ya hewa ya Zuhura, huku kikipima na kupeleka habari. Kilikuta hewa ile karibu yote ni kaboni daiyoksaidi, gesi ambayo sisi huitoa tukishusha pumzi. Kisha kikanyamaza, na Moscow ikatangaza kuwa kimefika chini. Lakini siku ya pili yake Mariner 5 ya Marekani ikapita nyuma ya sayari hiyo, na mawimbi yake ya redio yakapenya katika hewa kabla ya kukatika, mfano wa taa ya jahazi inavyofifia katika ukungu. Hesabu za kufifia huko zilionyesha kuwa hewa ya chini ni nzito mno kuliko alivyodhani mtu. Kumbe Venera 4 haikufika chini! Ilikufa ingali kama kilomita 25 juu.

Tusidhani kuwa kazi hii ya kuipima hewa kwa vyombo ni ya ugenini tu. Mwaka huo huo wa 1967, mwezi wa Aprili, Wataliana walirusha San Marco 2 kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini hapa kwetu Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Kazi yake ilikuwa kupima uzito wa hewa nyembamba iliyo juu kabisa ya dunia yetu.

Warusi hawakukata tamaa. Tarehe 15 Desemba 1970, Venera 7 ikatua. Parachuti yake ilikuwa imeharibika, ikaanguka kwa kishindo, na yaelekea ililala ubavu. Hata hivyo ilipeleka ishara dhaifu kwa dakika 23, chombo cha kwanza kusema nasi kutoka ardhi ya sayari nyingine. Mwaka 1975 Venera 9 ikaleta picha ya kwanza: mawe bapa, makavu, yenye kingo kali. Na tarehe 1 Machi 1982 Venera 13, iliyoundwa ili iishi dakika 32, ikavumilia dakika 127. Ikaleta picha za rangi na kuuchimba udongo, ambao ulikutwa ni wa jamii ya mawe yatokanayo na volkeno.

YALIYO NDANI

Na joto la huko ni kiasi gani? Ni kama digrii 465 za sentigredi. Risasi, ile wavuvi watengenezayo chubwi, huyeyuka kwa digrii 327. Huko ingetiririka kama samli. Uzito wa hewa ni mara 92 ya huu wetu, sawa na kuzamishwa baharini kina cha mita 900. Na yale mawingu meupe yanayotupendeza machoni si maji, bali ni matone ya asidi ya salfa, asidi ile ile ya betri ya gari. Mvua yake hukauka njiani kabla ya kugusa ardhi. Mawingu hayo ndiyo yarudishayo angani kama robo tatu ya mwanga wa jua. Kwa hivyo uzuri tunaousifu ni wa shela. Hapana mtu aliyeuona uso kutoka huku.

Lipo na jambo jingine la kumtia mtu ajabu. Zuhura hujizungusha kinyume na dunia yetu, na duru moja huichukua siku zetu 243. Kwa hivyo huko jua huchomoza magharibi likatua mashariki. Sisi tuliofunzwa chuoni kuwa jua kuchomoza magharibi ni katika alama kubwa za Kiyama hatuwezi kulisikia hilo bila ya kusisimka.

HEWA ILE ILE

Mtu atasema: joto hilo ni kwa sababu Zuhura iko karibu zaidi na jua. Sivyo. Utaridi iko karibu zaidi kuliko Zuhura, na joto lake halifiki hapo. Sababu ni ile gesi. Kaboni daiyoksaidi huupisha mwanga wa jua kuingia, lakini joto likitaka kutoka hulizuia. Na ajabu ni kuwa jambo hilo alilipigia hesabu Arrhenius huyo huyo mwaka 1896, juu ya dunia yetu. Ufunguo alikuwa nao mkononi, lakini mawingu yalimghuri.

Sasa, je, dunia haina gesi hiyo? Inayo, tena wataalamu wakadiria kuwa inakaribia kiasi cha ile ya Zuhura. Tofauti ni kuwa yetu imefungwa mawe. Maji huinyonya, viumbe vya baharini huigeuza makombe na matumbawe, na matumbawe huwa mawe. Kuta za majumba ya kale ya Lamu, na kuta za Ngome ya Mombasa, zimebeba hewa hiyo ndani yake. Mchoma chokaa awashapo tanuu lake huifungulia tena.

Zuhura ilikosa bahari ya kuifunga. Au huenda ilikuwa nayo ikaipoteza. Vyombo vya Pioneer Venus vya mwaka 1978 vilikuta haidrojeni nzito imezidi mara mia na zaidi kuliko kwetu, ishara kuwa ile nyepesi ilitoroka pamoja na maji mengi. Kama maji hayo yalikuwa bahari au mvuke tu, wataalamu wangali wakibishana. Picha za rada za Magellan za mwaka 1991 zilirejewa, na mwaka 2023 ikatangazwa kuwa tundu moja la volkeno lilibadilika umbo ndani ya miezi minane tu. Sayari hiyo haijafa. Mwaka 2021 Marekani na Ulaya zilichagua vyombo vitatu vipya vya kuichunguza.

Sisi nasi, kwa kuchoma makaa ya mawe na mafuta, tumeitoa gesi hiyo hewani kutoka sehemu 280 katika milioni, kabla ya enzi za viwanda, hadi zaidi ya 420. Hatutakuwa Zuhura kesho. Lakini pacha wetu yupo pale angani, anang'aa, na tofauti yake na sisi ni bahari hii iliyo mbele ya milango yetu.