Mkanda wa jeshi: Usiache siku tatu zipite

Mvuvi wa Mbamba Bay akiamka ubavu unamuwaka moto, husema ni kazi ya kuvuta nyavu za usipa. Mkulima wa Mbinga, msimu wa kahawa, hulaumu gunia. Hununua dawa ya maumivu dukani, hujichua na kurudi kazini. Siku chache baadaye vinatoka vipele vyenye maji, vimejipanga upande mmoja wa mwili. Huo ni mkanda wa jeshi.

Wapo wanaoamini mgonjwa amelogwa, au kwamba mkanda ukizunguka na kukutana atakufa. Si kweli. Chanzo ni virusi vya tetekuwanga. Ukishapona tetekuwanga, virusi hivyo hubaki vimelala kwenye mishipa ya fahamu. Kinga ikishuka kwa sababu ya uzee, VVU au saratani, huamka na kufuata njia ya mshipa. Kijana akiupata, ni vyema apime VVU.

Fika kituo cha afya ndani ya saa 72 tangu vipele vitoke. Dawa ya asaikloviri hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa mapema. Mtu mzima kwa kawaida huandikiwa miligramu 800 mara tano kwa siku, kwa siku saba. Usipake majivu, tope wala dawa ya meno, vidonda vitaoza. Vipele vikiwa usoni karibu na jicho au kwenye ncha ya pua, nenda hospitali siku hiyohiyo, maana unaweza kupoteza uwezo wa kuona.

Mzazi, majimaji ya vipele yanaweza kumwambukiza tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuugua. Funika vidonda, na ukae mbali na vichanga na wajawazito hadi vikauke.

Baadhi ya wagonjwa, hasa wazee, hupona ngozi lakini maumivu hubaki: hata nguo ikigusa, wanaruka. Yakizidi miezi mitatu, mishipa imejeruhiwa, na Panadol pekee mara nyingi haitoshi. Rudi kwa daktari. Anaweza kukupa amitriptilini au gabapentini kwa dozi ndogo, kisha akaiongeza taratibu. Usishtuke ukiambiwa ni dawa za sonona au kifafa. Hapa zinatuliza mishipa. Huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, hivyo usiache njiani.