Mamothi wa mwisho walitowekaje?

Wengi wanaposikia habari za mamothi, yule jamaa wa ndovu mwenye manyoya marefu, hudhani kwamba alikwisha kabisa pamoja na enzi ya barafu. Sivyo. Piramidi Kuu ya Giza nchini Misri ilikuwa imekwisha kusimama kwa karne kadhaa wakati mamothi wa mwisho walipotoweka, takriban miaka 4,000 iliyopita, katika kisiwa cha Wrangel, kaskazini ya mbali ya Urusi.

Asili ya ukoo huo ni Afrika. Wahenga wa mamothi waliondoka barani humu mamilioni ya miaka iliyopita, wakaenea Ulaya na Asia, na hatimaye Amerika ya Kaskazini. Katika nchi za baridi maumbile yao yalibadilika: masikio yakawa madogo ili joto la mwili lisipotee, mafuta yakajikusanya chini ya ngozi, na manyoya yakarefuka. Hata hivyo, jamaa yao wa karibu zaidi aliye hai leo ni ndovu wa Asia, si wa Afrika.

Barafu ilipoyeyuka, nyika za majani zilizowalisha mamothi pamoja na vifaru wenye manyoya ziligeuka misitu na vinamasi. Wakati huohuo, wawindaji walikuwa wameenea katika nchi hizo. Wanasayansi wangali wanajadiliana ni lipi lililochangia zaidi, mabadiliko ya tabianchi au mkuki wa binadamu. Ndipo unapoonekana umuhimu wa visiwa viwili ambako mamothi walibaki muda mrefu baada ya wenzao wengi wa bara kuangamia.

Cha kwanza ni St. Paul, katika Bahari ya Bering, kilicho sehemu ya jimbo la Alaska nchini Marekani. Huko hapakuwa na mwindaji. Kina cha bahari kilipopanda, kisiwa kilizidi kuwa kidogo, na ziwa lililowanywesha mamothi likapungua kina na kuingiwa na chumvi. Wanyama walipokusanyika hapo kwa kiu, walikanyaga mimea ya ukingoni, na udongo ukaporomokea majini. Yapata miaka 5,600 iliyopita, walikwisha wote. Kilichowaua, kwa maelezo ya watafiti, ni ukosefu wa maji matamu.

Kisa cha Wrangel ni kigumu zaidi. Kisiwa hicho kilitengwa na bara miaka 10,000 hivi iliyopita. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2024 unaonyesha kwamba kundi lililobaki huko lilitokana na mamothi wasiozidi wanane. Waliongezeka haraka hadi kufikia 200 au 300, wakadumu kwa takriban miaka 6,000. Walizaliana ndugu kwa ndugu, kasoro za vinasaba zikalimbikizana, na kinga yao dhidi ya maradhi ikapungua aina. Lakini kundi halikufifia polepole. Linaelekea kuwa liliangushwa ghafla na tukio fulani, pengine ugonjwa au msukosuko wa hali ya hewa. Dalili za kwanza za binadamu kisiwani humo ni za karne kadhaa baadaye.

Funzo lake ni kwamba kundi dogo lililotengwa laweza kuonekana salama kwa maelfu ya miaka, kumbe halina akiba ya kustahimili pigo moja kubwa. Ndovu wa Afrika Mashariki hawako kisiwani, lakini mashamba, makazi na barabara vinazidi kuzingira hifadhi zao. Kwa sababu hiyo wahifadhi hutilia mkazo shoroba, yaani mapito ya wanyama, kama vile Kwakuchinja nchini Tanzania, unaounganisha hifadhi za Tarangire na Ziwa Manyara. Ushoroba ukizibwa, ndovu hawafi siku hiyo. Ila hifadhi yao huwa imeanza kuwa kisiwa.