Kwa nini kanzidata ya ofisi 'hufa' ikifunguliwa na kompyuta tatu kwa pamoja

Saa 11 jioni, duka la jumla linakaribia kufunga. Keshia anaingiza malipo ya mteja wa mwisho, kijana wa stoo anapunguza katoni za sabuni zilizotoka, mhasibu yupo ofisini anavuta ripoti ya madeni. Wote watatu wamefungua faili moja la Microsoft Access lililopo kwenye kompyuta ya kaunta.

Umeme unakatika. Unarudi baada ya dakika 10, kompyuta zinawaka, lakini faili halifunguki. Ndani yake mna orodha ya wateja wote wanaodaiwa.

Hali hii huwakuta zaidi wale ambao mfumo wao ulitengenezwa na mtu wa IT kwa ajili ya kompyuta moja, kisha biashara ikakua. Kompyuta zikaongezeka, faili likabaki lile lile.

Shida inaanzia wapi?

Access ilitoka mwaka 1992 na ni kanzidata ya kompyuta ya mezani. Majedwali, fomu na ripoti vyote vinakaa ndani ya faili moja linaloishia na .accdb. Mafaili ya kabla ya toleo la 2007 huishia na .mdb.

Faili hilo likiwekwa kwenye folda ya pamoja, wengi hudhani kompyuta ya kaunta ndiyo inayopiga kazi na zingine zinaomba tu. Kumbe kaunta inatunza faili tu, kama kabati. Kila kompyuta inaendesha Access yake, inavuta vipande vya faili kupitia mtandao, inavibadilisha, kisha inavirudisha ndani ya faili lile lile.

Sasa kipande kiko njiani kinarudi, mara Wi-Fi inapotea kidogo, au mtu anachomoa ruta ili achaji simu. Nusu imeandikwa, nusu bado. Hapo ndipo faili linapoweza kuharibika, na mkatiko wa kompyuta moja unawaumiza wote.

MySQL na PostgreSQL hufanya tofauti. Huko kuna programu ya seva inayopokea maombi, na yenyewe peke yake ndiyo inayogusa mafaili. Kompyuta ya mhasibu ikizimika katikati, seva inaitupa ile kazi ambayo haikukamilika na kuendelea na wengine.

Lile faili dogo linalojitokeza

Watu wakiwa ndani ya kanzidata, utaona kwenye folda faili dogo linaloishia na .laccdb. Wapo wanaolifuta wakidhani ni virusi. Liache. Hilo ni kama daftari la mahudhurio: Access huandika humo kompyuta zilizoingia ili kupanga nani ameshika rekodi ipi. Mtu wa mwisho akitoka, kwa kawaida linafutika lenyewe.

Ndiyo maana kila mtumiaji anahitaji ruhusa ya kusoma, kuandika na kufuta ndani ya folda hiyo. Ukimpa mtu ruhusa ya kusoma tu kwa nia ya kulinda data, Access yake haiwezi kutengeneza daftari hilo. Akiwahi kufungua yeye asubuhi, wenzake wanaweza kushindwa kuingia, na siku nzima mkalaumu mtandao.

Igawe mara mbili

Dawa yenyewe haihitaji kununua kitu: tenganisha data na fomu.

Kwanza toa nakala ya faili zima na hakikisha kila mtu ametoka. Kisha kwenye Access nenda 'Database Tools', chagua 'Access Database', bonyeza 'Split Database'. Access itatengeneza faili la pili ambalo jina lake linaishia na _be. Humo mnabaki majedwali tu, yaani data yenyewe. Fomu na ripoti zinabaki kwenye faili la mwanzo.

Faili la _be linakaa kwenye folda ya pamoja. Lile la fomu linakopiwa kwenye kila kompyuta: keshia na lake, stoo na lake, mhasibu na lake. Ukiliacha nalo kwenye folda ya pamoja na kumwekea kila mtu njia ya mkato, umerudi karibu pale pale ulipoanza.

Kuna mtego mmoja hapa unaowapata hata mafundi. Access ikiuliza faili la _be liwekwe wapi, usichague diski ya C:, hata kama umekaa kwenye kompyuta ya kaunta yenyewe. Programu hukariri njia uliyoipa, hivyo kompyuta ya mhasibu itaenda kutafuta data kwenye C: yake na kukosa. Pitia mtandaoni, kwa mfano \\KAUNTA\Data. Tumia jina la kompyuta badala ya namba ya IP, kwa sababu ruta inaweza kubadilisha namba hizo bila taarifa. Kama ulishakosea, 'Linked Table Manager' inakuruhusu kuelekeza upya.

Mgawanyo huu una faida nyingine: fundi anaweza kutengeneza ripoti mpya pembeni, kisha akamletea kila mtu faili jipya la fomu bila kugusa data. Na kompyuta isiyo na Access si lazima inunuliwe leseni. Microsoft inatoa Access Runtime bure, ambayo inafungua mfumo bila kumruhusu mtumiaji kubadili muundo wake.

Kugawa hakuondoi hatari ya kukatika, kwa sababu data bado inasafiri kwa vipande. Kwa hiyo tumia kebo na swichi, Wi-Fi waachieni wenye simu. Kompyuta ya kaunta iwe na UPS, na swichi iwe kwenye UPS pia. Hii husahaulika: kaunta inabaki hai, laptop ya mhasibu ina betri, lakini swichi katikati imezimika na mawasiliano yamekatika vilevile. Izuie pia kompyuta ya kaunta isilale. Ikisinzia mchana keshia akiwa kwenye chakula, inawakata wote.

Na Google Drive au OneDrive? Kwa faili la Access linalotumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, hapana. Huduma hizo hukopi faili kwenda na kurudi bila kujua nani ameshika rekodi ipi. Watu wawili wakiandika, mnaweza kujikuta na nakala mbili zinazopingana, kila moja ikiwa na mauzo ambayo nyingine haina.

Watu wawili, rekodi moja

Keshia na mhasibu wakimfungua mteja yule yule na kila mmoja akabadilisha deni lake, wa pili kuhifadhi ataona onyo la 'Write Conflict'. Akibonyeza 'Save Record', alichoandika mwenzake kinafutika kimya kimya. Fundi anaweza kupunguza hatari hiyo kwenye mipangilio ya fomu: pale kwenye 'Record Locks' achague 'Edited Record', ili anayeanza kuhariri ashike rekodi na mwingine asubiri.

Kuhusu nani anaona, usiifungue folda kwa 'Everyone', hasa kama wateja nao hutumia mtandao huo huo wa dukani. Tengeneza akaunti yenye nywila kwa kila mfanyakazi. Majina, namba za simu na madeni ya watu ni taarifa binafsi, na zinalindwa kisheria: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019.

Lini uhame?

Faili la Access haliwezi kuzidi GB 2. Kwenye karatasi linabeba watumiaji 255 kwa wakati mmoja, lakini fomu nzito zinaweza kuanza kukwama mapema zaidi, hata mkiwa wachache. Ukifungua tawi mji mwingine, usijaribu kulivuta faili la _be kupitia intaneti. Hapo hamishia majedwali kwenye seva kama MySQL au SQL Server Express, zote zina matoleo ya bure, na fomu zenu za Access zinaweza kuendelea kutumika zikiwa zimeunganishwa huko.

Kwa sasa, kila jioni wote wakishatoka na lile faili la .laccdb likishapotea, kopi faili la _be kwenye diski ya nje na ulipe jina lenye tarehe. Mara moja kwa mwezi ifungue nakala mojawapo kwenye kompyuta nyingine, uone kama deni la mteja wa jana lipo.