Miaka ya Chombo na Miaka ya Ruzuku

Mwezi Machi 2023 jarida la Science lilichapisha ushahidi kwamba volkano za Zuhura bado zina uhai. Robert Herrick wa Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks na mwenzake Scott Hensley walikuwa wamelinganisha picha za rada za eneo la mlima Maat Mons, za Februari 1991 na za Oktoba mwaka huohuo. Wakaona tundu la volkano lililokuwa la mviringo, lenye eneo la kilomita za mraba 2.2 hivi, limepanuka karibu maradufu na kupoteza umbo lake. Picha hizo zilipigwa na chombo cha Magellan, kilichomaliza kazi mwaka 1994. Ni kweli kwamba kompyuta za miaka ya tisini zisingeimudu kirahisi kazi ya kuzilinganisha. Lakini kompyuta za kutosha zilikuwepo muda mrefu kabla ya 2023, na picha zilikuwa hifadhini, wazi kwa yeyote. Adimu alikuwa mtu mwenye jicho lililoizoea sura ya Zuhura na mwenye wasaa wa kuzitazama bila kujua kama ataambulia kitu. Herrick hakuwa mgeni. Aliisoma sayari hiyo kwa miongo mitatu. Swali linalonishughulisha katika sura hii ni wapi atatoka mwingine kama yeye, na jibu langu ni kwamba hatapatikana kwa urahisi iwapo fedha zinazowalipa watafiti wachanga zitaendelea kuwa fupi kuliko kazi tunayowatuma.

Tuangalie jinsi fedha zinavyotoka. NASA, mfadhili mkuu wa fani hii nchini Marekani, hutoa kila mwaka tangazo kubwa la utafiti liitwalo ROSES. Mtafiti hutuma andiko, jopo la wanasayansi wenzake hulipima, na likipita hupewa ruzuku, kwa kawaida ya miaka mitatu hivi. Kwa profesa mwenye ajira ya kudumu, ruzuku hiyo ni nyongeza: hulipa wanafunzi, vifaa, na mshahara wa miezi ya kiangazi. Lakini wanasayansi wengi wa sayari hawana ajira ya namna hiyo. Katika taasisi kama Planetary Science Institute ya Tucson, iliyoanzishwa mwaka 1972, mtafiti hujitafutia mshahara wake mwenyewe kwa maandiko, na kwa kuwa ruzuku moja mara nyingi hulipia sehemu tu ya mwaka, humlazimu kuwa na mbili au tatu kwa wakati mmoja. Sasa tupige hesabu. Tuseme andiko moja kati ya matano ndilo linalofadhiliwa, kiwango kisicho cha ajabu katika mashindano haya. Anayetuma matatu kwa mwaka ana uwezekano wa asilimia 49 tu wa kupata walau moja, na kila moja limemla wiki kadhaa ambazo hakuna anayemlipa kwa kuandika. Mtafiti mkongwe huvuka mwaka mbaya kwa ruzuku za zamani ambazo hazijaisha. Aliyemaliza uzamivu juzi hana akiba hiyo.

Linganisha muda huo na muda wa safari zenyewe. Cassini iliondoka duniani Oktoba 1997, ikafika Zohali mwaka 2004, ikazimwa Septemba 2017. Chombo cha VERITAS, kitakachoichora upya Zuhura kwa rada, kilichaguliwa Juni 2021. Kisha uhaba wa wataalamu katika JPL, maabara ya NASA inayokiunda, ukachangia kusogezwa mbele kwa safari hiyo hadi isiyo mapema kuliko 2031. Mtu aliyepata uzamivu mwaka uleule wa 2021 atalazimika kushinda zaidi ya ruzuku tatu mfululizo, bila pengo, ili awe bado kazini siku chombo kinaporushwa. Picha zenyewe zitakuja baadaye. Ucheleweshaji ule uliongeza miaka mitatu katika kalenda ya chombo na haukuongeza hata mwezi mmoja katika ruzuku ya mtu yeyote.

Watetezi wa utaratibu huu husema ushindani ni chekeche: wanaobaki ndio bora. Hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa takwimu, nazo zipo. Mwaka 2018 Thijs Bol, Mathijs de Vaan na Arnout van de Rijt walichunguza ruzuku za watafiti wachanga nchini Uholanzi, wakiwatazama waliovuka mstari kwa unywele mmoja na walioukosa kwa unywele mmoja, yaani watu ambao wapimaji waliwapa alama karibu sawa. Katika miaka minane iliyofuata, waliovuka walijikusanyia fedha za utafiti zaidi ya mara mbili ya wenzao. Chekeche lililopitisha na kuzuia punje zilezile halijachagua ubora. Limegawa bahati, na bahati ikazaa nyingine. Sehemu ya pengo hilo ilitokana na walioshindwa kuacha kuomba tena.

Upo utafiti unaoonekana kusema kinyume, na sitaukwepa. Yang Wang, Benjamin Jones na Dashun Wang walionyesha mwaka 2019 kwamba miongoni mwa watafiti wa tiba nchini Marekani, waliokosa ruzuku kidogo tu mwanzoni na wakaendelea walikuja kuandika makala zenye uzito kuliko waliopata. Waandishi walijaribu kulieleza hilo kwa mchujo peke yake na haikutosha. Inawezekana kweli pigo la mapema humkomaza mtu. Lakini utafiti huohuo ulikuta kwamba pigo moja liliongeza kwa zaidi ya asilimia kumi uwezekano wa mtu kutoweka kabisa katika mfumo ule wa ruzuku. Fani kubwa kama tiba inaweza kustahimili hasara hiyo. Katika sayansi ya sayari, watu wanaojua kusoma rada ya Zuhura kwa undani ni wachache mno, na akiondoka mmoja ujuzi wake hauna mrithi.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha zenyewe: bila vyombo hakuna data, basi vyombo vilipiwe kwanza. Nakubali sehemu ya kwanza. Hata hivyo, ripoti ya muongo ya Akademia za Taifa za Marekani, iliyotolewa mwaka 2022, ilipendekeza fedha za utafiti na uchambuzi zifikie angalau asilimia 10 ya bajeti ya sayari ya NASA, kwa sababu sehemu yake ilikuwa imeshuka. Hawakuwa wakidai vyombo visirushwe. Walikuwa wakisema jambo ambalo Maat Mons inalithibitisha: tulilipia picha mwaka 1991 na tukachelewa miongo mitatu kuvuna jibu lililokuwa ndani yake. Mwaka 2024 Davide Sulcanese na wenzake kutoka Italia walipata katika data hizohizo za Magellan dalili za mtiririko mpya wa lava. Hifadhi haijaisha.

Hatua nzuri zimechukuliwa. Tangu mwaka 2018 maombi ya kuitumia darubini ya Hubble hupimwa bila jopo kujua jina la mwombaji, na NASA imeupeleka utaratibu huo katika ruzuku zake nyingi. Humsaidia mgeni asiye na jina. Haumwongezei muda. Muda hupatikana pale fedha zinapomfuata mtu badala ya mradi mmoja mwembamba. Baraza la Utafiti la Ulaya humpa mtafiti anayeanza hadi yuro milioni 1.5 kwa miaka mitano, na Royal Society ya Uingereza ina ufadhili wa miaka minane. NASA nayo ina tuzo kwa watafiti wachanga wa sayari, lakini ni chache, na hutegemea kwanza kushinda katika mashindano yaleyale ya kawaida. Ningezigeuza kuwa mlango mkuu: ruzuku chache zaidi za miaka mitatu, na nyingi zaidi za miaka sita au saba kwa walio katika miaka yao ya mwanzo, zikaguliwe katikati ili asiyefanya kazi asikae na fedha. Gharama yake ni kwamba kila mwaka wapya watakaoingia watapungua. Naiona ni bei ya haki, kwa kuwa mfumo wa sasa nao huwapunguza, ila huwapunguza baada ya kuwatumia miaka kumi.

Hili linatuhusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Data za Magellan ziko wazi kwa mhitimu wa Dar es Salaam au Nairobi sawasawa na zilivyo kwa wa Arizona. Fedha za NASA, kwa sera yake, hazivuki mpaka: taasisi ya nje hushirikiana kwa kujigharamia. Kwa hiyo mshahara lazima utoke kwetu, kupitia vyombo kama COSTECH ya Tanzania au Mfuko wa Taifa wa Utafiti wa Kenya. Uchambuzi wa picha za rada hauhitaji roketi wala maabara ya mamilioni. Unahitaji kompyuta nzuri, intaneti isiyokatika, na mtu mmoja aliyehakikishiwa mkate wake mpaka VERITAS iondoke.